Kompyuta Iliyogoma Asubuhi



Leo napenda kuwaelezeni habari ya kompyuta ya ofisi yetu ya parokia huku Suji, katika milima ya Upare. Labda mmoja wenu atasema, "Kompyuta ni mambo ya watu wa mjini, sisi tuna majembe yetu." Usiseme hivyo, ndugu. Siku hizi utaikuta kompyuta katika shule ya kata, katika zahanati, katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo, na mara nyingi ni ya mtumba kama hii yetu. Nayo ikiugua, anayelaumiwa ni mtoto wa mtu. Mimi nilimlaumu mtoto wa mtu, na nilikosea. Ndiyo sababu naandika.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: siku nyingine ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta inawaka mara moja. Siku nyingine unabonyeza hata kidole kinauma, nayo kimya. Taa haiwaki, feni haizunguki, mlio hakuna. Chombo kilichokufa kabisa hakina shida, maana unajua kimekufa. Lakini chombo kinachokufa na kufufuka kinasumbua akili, kwa sababu ukimwita fundi anakikuta kizima, na wewe unaonekana mwongo.

Mambo yalianza Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024. Wenyeji wa milima hii wanajua Juni ilivyo huku kwetu. Masika yamekwisha, baridi imeingia, na ukungu wa asubuhi hushuka hata huuoni mgomba ulio mbele ya mlango. Saa 2 asubuhi alifika binti mmoja pamoja na mama yake. Binti alikuwa anaolewa Dar es Salaam, na padre wa huko alitaka cheti kipya cha ubatizo, kama ilivyo desturi kabla ya ndoa. Gari la kuteremka Makanya lilikuwa linaondoka saa 4. Nikawakaribisha viti, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Mama akatazama saa, binti akanitazama mimi.

Bahati njema vitabu vya parokia havina swichi. Nikafungua kitabu kikubwa cha wabatizwa, nikalipata jina lake, nikajaza cheti kwa mkono, Baba Paroko akatia sahihi na mhuri, wakawahi gari. Lakini mimi nilikuwa nimeaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kumtwika aibu yake.

Nikamwona kijana aliyekuwa akifagia barazani. Huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alitusaidia usafi wa ofisi na kupiga chapa nyimbo za kwaya. Jumamosi yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuitumia kompyuta. Nikamwita, wale wageni wakiwa bado mlangoni.

"Umeichezea mashine hii," nikamwambia.

"Sikuichezea, Mwalimu," akajibu. (Wengi huniita Mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ukarani.) "Niliizima tu nikaondoka. Nadhani inaona baridi. Hata juzi asubuhi ilikataa kidogo, mchana ikawaka."

"Baridi huonwa na watu, si na vyuma," nikamjibu kwa sauti. "Katafute uongo mwingine."

Akaegemeza ufagio ukutani taratibu, akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata. Mama yake tulipokutana njiani alinisalimu bila kusimama. Na huku kwetu mtu akikusalimu bila kusimama, ujue lipo jambo. Lakini mimi nilijiona nina haki. Kwani si yeye aliyeigusa mwisho?

Basi nikaanza safari za mafundi. Nikaifunga kompyuta kwa shuka, nikaipakata garini mpaka Makanya, na toka hapo mpaka Same mjini kwa barabara kuu. Aliyefika Same anajua joto la huko, jinsi mlima unavyokuacha na baridi yake na tambarare inavyokupokea na jua lake. Fundi akaiweka mezani, akachomeka waya, akabonyeza. Ikawaka pale pale! Akanitazama kama daktari anavyomtazama mzazi aliyemleta mtoto asiyeumwa. Nikalipa ada ya kuangaliwa, nikapanda nayo mlimani. Kesho yake asubuhi, kimya.

Safari ya pili nikaenda kwa fundi mwingine. Kwake nako ikawaka. Huyu akasema, "Programu zimechafuka," akafuta kila kitu kilichokuwamo na kuweka programu upya. Ndani yake mlikuwa na hesabu za michango ya miaka 2 na orodha za jumuiya zote. Zikaenda. Wala sikulia peke yangu, kwa maana mweka hazina naye alishika kichwa.

Sasa nimejifunza neno moja ambalo lingeniokoa siku ile. Programu hukaa ndani ya diski, nazo hazianzi kazi mpaka umeme umekwisha kufika na mashine imekwisha kuamka. Kama feni haizunguki hata kidogo, programu hazijaulizwa neno bado. Kuzifuta ni kumpa dawa ya tumbo mtu anayeumwa jino.

Safari ya tatu kwenda Same haikuwa na faida kuliko zile mbili. Niliporudi, Baba Paroko alinikuta nimekaa mbele ya mashine, mikono kichwani. Akasema, "Mwalimu, kila mtoto anayebatizwa hapa unaandika siku yake, saa yake, na mashahidi wake. Ugonjwa wa mashine hii umeuandika wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika, nilikuwa nimekwenda Same mara 3 na lawama mkononi, bila hata mstari mmoja wa daftari.

Siku ile ile nikachukua daftari la shule, nikalipiga mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu hali ya hewa, ya nne kama waya ulichomolewa usiku au uliachwa, ya tano nani aliyekuwapo ofisini, na ya sita iliwaka au iligoma. Nikaandika kila siku ya kazi kwa muda wa wiki 3, yaani asubuhi 18. Jambo hili lilikuwa dogo na halikugharimu kitu ila wino.

Wiki 3 zilipokwisha nikaketi kuhesabu. Asubuhi za ukungu na baridi zilikuwa 11, na katika hizo ilikataa mara 9. Asubuhi za jua zilikuwa 7, nayo iliwaka zote. Kila ilipokataa asubuhi, nilipojaribu tena saa 8 mchana iliwaka. Na zile asubuhi 2 za baridi ambazo haikukataa? Nikatazama safu ya nne. Kumbe usiku wa siku hizo nilikuwa nimesahau kuchomoa waya ukutani, ingawa desturi yetu ni kuchomoa kila jioni kwa kuogopa radi. Halafu nikatazama safu ya tano. Katika mara hizo 9, kijana yule hakuwapo hata mara moja. Alikuwa kwao, na aibu niliyomvika.

Nikakumbuka neno lake: inaona baridi. Nikakumbuka pia Same, na joto la mezani kwa mafundi. Mashine ilikuwa inapona kwa safari yenyewe! Kila nilipoiteremsha tambarare ilipata joto, ikawa nzima, na kila nilipoipandisha mlimani ikarudi kwenye ugonjwa wake. Hakuna fundi wa Same ambaye angeuona ugonjwa huo, hata awe hodari namna gani, maana ugonjwa ulibaki Suji.

Hapa kijijini tuna jirani mmoja, Msabato, fundi wa redio na simu. Sikuwa nimemwendea mapema kwa sababu nilidhani fundi wa kweli hukaa mjini. Nikampelekea daftari. Alilisoma polepole, akasema, "Mwalimu, hili daftari limefanya nusu ya kazi yangu. Tutaipima asubuhi ya baridi, hapo hapo ofisini, kitu kimoja kimoja." Siku ya Ijumaa hiyo ukungu haukuwako. Jumamosi kwake ni Sabato, Jumapili kwangu ni Dominika. Basi tukakutana Jumatatu saa 1 asubuhi, pumzi zetu zikitoa moshi.

Sikieni jinsi alivyofanya, kwa maana utaratibu huu wafaa kwa vyombo vingi.

Kwanza alichomeka taa ya meza katika soketi ile ile ya ukutani. Ikawaka. Basi ukuta hauna kosa. Pili aliondoa ule waya mrefu wenye soketi nyingi, akachomeka kompyuta ukutani moja kwa moja. Kimya. Tatu akachukua waya wa printa, ambao kichwa chake ni sawa na ule wa kompyuta, akabadilisha. Kimya. Nne akatazama swichi ndogo ya nyuma, kama haikusukumwa kuzimwa wakati wa kufagia. Ilikuwa sawa.

Kisha akachomoa waya, akafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi. Akaondoa betri ndogo mfano wa sarafu, ile inayotunza saa na tarehe, akaipima. Betri nzima huwa na volti 3 hivi, na yetu ilikuwa imechoka. Tukaweka mpya. Saa ikaacha kupotea tangu siku ile, lakini kuwaka haikuwaka. Akavuta vibao vya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Alinieleza kuwa kumbukumbu ikiwa mbovu, kwa kawaida feni huzunguka ila kioo hubaki cheusi. Mashine yetu haikuzungusha hata feni. Akapima pia kitufe cha mbele kwa kugusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, waya wa umeme ukiwa umerudishwa. Kimya vile vile. Basi kitufe nacho hakina kosa.

Kilichobaki ni kile kisanduku cha bati cha nyuma chenye feni yake, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa katika volti ndogo, 12 na 5 na 3.3, ambazo mashine inaweza kuzinywa. Alikuwa amekuja na kingine, kikuukuu lakini kizima. Akakifunga. Nikabonyeza. Ikawaka mara moja, katika baridi ile ile! Nikaruka.

"Bado," akasema. Akarudisha kile cha zamani. Kimya. Akaweka kile cha pili tena. Ikawaka. Ndipo akatabasamu. Hata hivyo tukaiacha asubuhi 3 nyingine za ukungu, waya ukichomolewa kila usiku, ili tusijidanganye. Iliwaka zote.

Labda mtaniuliza, baridi inaingiaje katika bati? Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Akanijibu kwa mfano wa ndiva.

Msomaji usiye wa Upare, ndiva ni bwawa letu la asili la kumwagilia. Maji ya kijito ni kidogo, hayawezi kufika shambani kwa nguvu. Basi wazee walichimba ndiva, usiku maji yanakusanyika, asubuhi mlango unafunguliwa, nayo yanateremka katika mfereji kwa wingi na kwa utulivu. Ndani ya pawa saplai mna ndiva za umeme, vikopo vidogo viitwavyo kapasita. Umeme wa ukutani huja kwa mawimbi, mara 50 kwa sekunde; kapasita huukusanya na kuutoa kwa utulivu. Ndiva ikijaa tope, maji hayatoshi, na shamba la chini linakauka.

Tope la kapasita ni uzee. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa, imeviringishwa pamoja na bati jembamba la alumini. Miaka inavyopita maji yale yanakauka, na joto la mashine hukausha upesi zaidi. Yakiwa machache, baridi huyafanya mazito na umeme hupita kwa shida. Asubuhi ya Juni kapasita haliwezi kutoa nguvu ya kuamsha mashine. Mchana likipata joto, linaweza. Na waya ukiachwa ukutani usiku, pawa saplai hubaki na umeme kidogo ndani, nao huitia joto kidogo. Hiyo ndiyo siri ya zile asubuhi 2 za usahaulifu wangu.

Wala si ajabu ya Suji peke yake. Tangu mwaka 1999 hivi hata mwaka 2007, kapasita nyingi zilizotengenezwa Asia ya Mashariki, hasa Taiwan, zilikuwa na maji mabaya, zikavimba na kupasuka kabla ya wakati wake katika kompyuta za dunia nzima, pamoja na zile za makampuni makubwa. Yetu haikuwa na maji mabaya. Ilikuwa na miaka zaidi ya 10, basi.

Fundi akakifungua kisanduku kile cha zamani kwake, nami nikiangalia. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imetoa uchafu wa rangi ya kahawia. Lakini nawasihi sana, wazazi na vijana: msifungue kisanduku hicho wenyewe. Hata baada ya kuchomoa waya, kapasita lake kubwa laweza kushika zaidi ya volti 300 kwa muda, nazo zaweza kuua. Kubadilisha kisanduku kizima ni salama, nacho cha mtumba tulikinunua kwa bei isiyofika ya mbuzi mdogo. Nauli zangu za Same na ada za mafundi zilipita bei hiyo.

Sasa nieleze lililonielemea zaidi. Mashine ilikuwa imepona, lakini ufagio ulikuwa bado umeegemea ukuta. Jioni moja nikaenda nyumbani kwa kijana yule. Mama yake akanikaribisha, akanipa kiti, akangoja. Nikamwambia kijana, mama yake akisikia, "Mwanangu, uliniambia kweli nami nikakuita mwongo. Nisamehe." Kisha nikaona kuwa haitoshi. Kosa nililolifanya mbele za watu halifai kuombewa radhi chumbani. Basi Jumapili, baada ya Misa, kwaya ikiwa bado nje, nikayasema maneno hayo hayo kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo.

Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Halafu akanong'ona, "Zile orodha za jumuiya zilizofutwa, mimi ndiye niliyezipiga chapa. Nakala ninayo katika flashi yangu." Hesabu za michango hazikupatikana, tulizirudia kutoka stakabadhi, jioni nyingi, yeye akisoma nami nikiandika. Sasa kila Ijumaa tunatoa nakala mbili, moja hubaki ofisini na nyingine hutunzwa kwa Baba Paroko. Na kitabu kikubwa cha wabatizwa kinaendelea kuandikwa kwa wino.

Basi, ndugu msomaji, kama chombo chako kinagoma siku nyingine na siku nyingine kinakubali, iwe kompyuta, redio, pampu au pikipiki, fanya hivi. Andika kabla ya kulaumu: siku, saa, hewa, na kilichofanyika usiku uliotangulia. Pima palipo na ugonjwa, na wakati wa ugonjwa. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, anza na kilicho rahisi, waya na soketi, kabla ya kufikia cha gharama. Ukidhani umepata kosa, rudisha kile kibovu uone kama ugonjwa unarudi. Usikubali mtu afute kitu chochote kabla hujatoa nakala. Na kijana akikuambia neno unaloliona la kipuuzi, liandike nalo katika daftari. Halikugharimu kitu, na pengine ndilo jibu.

Asubuhi hii ninapoandika, ukungu umefunika mgomba wa mbele ya mlango. Kijana ameingia na ufagio wake, akapita karibu na meza, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Akanitazama, hakusema kitu, akaendelea kufagia.



Mimi ndugu yenu,
Karani wa Parokia,
Suji, Same.